Baba wa Hesabu za Jioni

Ndoa ya Polycarpe na Généreuse ilivunjika bila kelele. Hakuna aliyepigwa wala chombo kilichorushwa, na wazee wa kanisa waliokuja kuwasuluhisha pale Fort Worth waliondoka wakikuna vichwa, kwa sababu hawakupata kosa la kulishika. Kwa miaka mingi Polycarpe alikuwa akifanya kazi za usiku kwenye ghala moja la Grand Prairie, na Généreuse akitunza wazee mchana. Walipishana mlangoni, mmoja akivua viatu na mwingine akivaa, wakipokezana mtoto na funguo za gari. Ghala lilipopunguza watu, Polycarpe akabaki nyumbani kwa muda, na hapo ndipo walipogundua kwamba hawajui namna ya kukaa pamoja.

Polycarpe alikuwa mtu wa haraka. Mkewe akianza sentensi, yeye huimalizia. Mkewe akiweka sufuria jikoni, yeye keshaonja na kuongeza chumvi. Siku moja Généreuse alimwambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka tu, "Papa Élodie, miaka hii yote niliyokaa na wewe, mimi sijawahi kumaliza kusema kitu."

"Si kweli," alijibu Polycarpe, kabla mkewe hajavuta pumzi.

Mahakama iliamua mtoto abaki kwa mama, na baba apewe baadhi ya mwisho wa juma pamoja na sehemu ya likizo. Binamu yake, Samson, akamwita Houston, ambako alikuwa msimamizi katika kiwanda cha kutengeneza milango. Polycarpe akapakia nguo zake kwenye gari, akambusu binti yake Élodie kichwani, akaingia barabara kuu ya 45 kuelekea kusini. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alipokuwa mvulana wa shule ya msingi, wazazi wake waliikimbia Fizi naye, wakavuka ziwa. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akaoa palepale kambini msichana aliyeimba naye kwaya, akaja Texas na mke mwenye mimba. Alishahama mara nyingi, lakini kila mara alihama na watu wake. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuhama peke yake.

Kiwandani, mgeni hakatai ovataimu, na ovataimu ilikuwa Jumamosi. Safari ya kwanza ya kwenda kumwona Élodie ikapita, ya pili nayo ikapita. Kwa hiyo ikabaki simu. Kila jioni Polycarpe alirudi chumbani kwake, akanawa vumbi la mbao, akaegemeza simu kwenye kopo la sukari na kupiga kwa video.

"Umeshindaje, mama?" Ndivyo alivyomwita binti yake, kama baba wengi wa kwao wanavyofanya.

"Good."

"Shule?"

"Good."

"Umekula nini?"

"Wali."

Kisha wanatazamana. Élodie alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na adabu, hakukata simu. Alikaa tu akimtazama baba yake, akichezea ncha ya msuko wake, mpaka mmoja wao aseme usiku mwema huku nje jua likiwaka bado. Polycarpe alikuwa akiweka simu chini na kukaa pale pale kitini. Aliwaza kwamba kama mambo yataendelea hivi, mtoto atamzoea kama mtu anavyozoea picha ya ukutani.

Jioni moja alipiga akamkuta analia. Mbele yake palikuwa na karatasi ya shule na penseli iliyotafunwa.

"Juu ya nini unalia?"

"Hesabu. Sijui. Ni division, zile ndefu."

Moyo wa Polycarpe ukachangamka, na baadaye alijionea aibu kwamba alifurahi mtoto akilia. Hesabu alizijua. Kambini, darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko miti iliyolizunguka, na mwalimu wao alifundisha kugawanya kwa fimbo mkononi: gawanya, zidisha, toa, shusha. Polycarpe alikuwa miongoni mwa wachache ambao hawakuchapwa. Aliacha shule baba yake alipofariki, ila hesabu hazikumtoka. Akachukua kipande cha katoni, akaandika swali la Élodie kwa herufi kubwa, akalikokotoa kwa haraka: gawanya, zidisha, toa, shusha, jibu hili hapa. Akaiinua katoni mbele ya simu.

Élodie akaacha kulia, akatazama, kisha akaanza upya. "Papa, no. Haiko hivyo. Mwalimu anafanyaka tofauti."

"Jibu ni lile lile."

"Lakini haiko hivyo! Anataka tuandike huku pembeni."

"Pembeni wapi? Wewe andika nilivyoandika mimi, utapata."

Mtoto akaifunika karatasi kwa mikono miwili na kuinamisha uso. Polycarpe akamwona tu utosi, mstari mweupe kati ya misuko. Aliendelea kuongea na ule utosi kwa muda, sauti ikipanda, mpaka Généreuse akatokea na kusema kwa upole kwamba wataendelea kesho. Skrini ikawa nyeusi.

Kabla ya hapo Élodie alikuwa amemtumia picha ya karatasi ile. Kesho yake, wakati wa mapumziko, Polycarpe aliikuza picha kwa vidole na kuitazama. Mwalimu alikuwa ametoa mfano. Namba ilikuwa ikipunguzwa kidogo kidogo kwenda chini, na pembeni, upande wa kulia, palikuwa na safu ya namba nyingine: kumi, tano, moja. Hakuelewa kwa nini mtu azunguke hivyo. Jioni alipofika nyumbani alimkuta jirani yake wa chini, Kidawa, mama wa Kitanga ambaye binti yake alisoma darasa la nne kama Élodie, ingawa katika mji mwingine. Kidawa alikuwa mlangoni akipanga maandazi ya watu walioagiza kwa ajili ya harusi.

"Dada Kidawa, hii hesabu ya watoto wa huku ni kitu gani?"

Kidawa akaifuta mikono, akaitazama simu, akacheka kidogo. "Hata mimi ilinitoa jasho, kaka Poly. Ngoja. Haya maandazi ni mia moja hamsini na sita. Kila mfuko natia kumi na mawili. Mifuko mingapi?"

Polycarpe akaanza kutafuta kalamu.

"Acha kalamu. Mimi sijui ni mingapi, lakini najua mifuko kumi haikosekani. Mifuko kumi imekula maandazi mia na ishirini. Yamebaki?"

"Thelathini na sita."

"Hayo ni mifuko mitatu. Kumi na mitatu, basi. Ile safu ya pembeni ni mifuko uliyokwisha kufunga. Ukitaka funga miwili miwili, ukitaka funga kumi kumi. Ni wewe na nguvu zako. Mwisho unajumlisha mifuko."

Polycarpe alisimama pale ngazini akiyatazama maandazi. Kambini, ukikosea tarakimu ya kwanza umeharibu swali zima na umepata fimbo. Huku mtoto anaruhusiwa kuchukua kidogo anachokiweza, halafu kingine, na hakuna anayemwambia amekosea. Alimshukuru Kidawa, akapanda juu, akafanya maswali yote ya ile karatasi kwa njia ya mwalimu kabla ya kupiga simu.

"Mama, jana nilikosea," alimwambia Élodie. "Nimejifunza ya mwalimu wako. Tuanze."

Swali lilikuwa mia moja themanini na nne kugawanya kwa nane. Élodie akafikiri, akachukua mara mbili: kumi na sita. Akatoa. Akachukua tena mara mbili. Akatoa. Polycarpe akaona kwamba atafanya hivyo mpaka ukurasa uishe. Alijua mara kumi ni themanini, mtoto yeyote anajua. Maneno yakamjaa mdomoni. Akaweka kiganja juu ya midomo yake na kukiacha pale. Élodie akashuka, kumi na sita, kumi na sita, akafika chini ya karatasi, akageuza nyuma, akaendelea. Alipomaliza alijumlisha safu ya pembeni akinong'ona.

"Ishirini na tatu?"

"Ishirini na tatu."

Mtoto akacheka, na pengo la jino la juu likaonekana. Polycarpe hakuwa amejua kwamba jino lile limeng'oka.

Tangu siku hiyo simu ikapata kazi. Jioni zote za juma walikaa na hesabu, yeye Houston na mtoto Fort Worth, na katikati ya hesabu yakaingia mambo mengine ambayo hakuna swali la baba lingeyaleta. Élodie alimwambia kuhusu rafiki yake aliyehama, kuhusu mvulana anayekula karatasi, kuhusu ndoto ya mbwa. Aliyasema akiandika, bila kuinua macho, na Polycarpe alijifunza kutomjibu haraka. Taratibu mafungu ya Élodie yakakua. Aliacha mbili mbili, akachukua tano, akachukua kumi. Wakati mwingine Généreuse alipita nyuma akibeba nguo za kufua, akasalimia, naye akaitikia. Polycarpe alikula chakula chake kikiwa kimepoa na hakujali. Samson alimwona anapiga mluzi kiwandani akamuuliza kama amepata mchumba.

Halafu jioni moja mkono wa mwanamume uliingia kwenye skrini na kuweka glasi ya maji karibu na karatasi. Mkono wenye saa, shati la kijivu limekunjwa mpaka kwenye kiwiko.

"Jaribu kumi kwanza," sauti ikasema, Kiswahili cha Bukavu.

"Ndiyo vile Papa alisema, Tonton Parfait," Élodie akajibu, akiendelea kuandika.

Polycarpe alimfahamu huyo mjomba Parfait. Alikuwa mpiga gitaa wa kanisani, dereva wa basi la shule, mjane, mtu ambaye hajawahi kusikika akimsema mtu vibaya. Polycarpe alitafuta cha kumchukia wiki nzima na hakukipata. Alichoweza kufanya ni kumuuliza mtoto, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Tonton Parfait anakujaka mara nyingi?"

"Ananipeleka shule," Élodie akasema. "Mama anatokaka mapema."

Ilipofika mwezi wa nne, Élodie alikuwa ameiweza. Polycarpe aliiona siku yenyewe. Alimpa mia nne thelathini na saba kugawanya kwa nane, akitegemea achukue kumi kumi, na mtoto akatazama dari kidogo, akaandika hamsini pembeni, akatoa mia nne kwa mkupuo mmoja. Ikabaki thelathini na saba. Akachukua nne. Ikabaki tano, isiyogawika. "Hamsini na nne, baki tano," akasema, na penseli akaiweka chini.

"Umenishinda," baba yake akamwambia. Na ilikuwa kweli, kwa sababu yeye alikuwa bado anahesabu.

Wakacheka. Lakini kulikuwa na muda mwingi umebaki na hapakuwa na swali jingine kwenye karatasi.

Kesho yake alipopiga, Élodie alisema amekwisha kumaliza hesabu kwenye basi. Keshokutwa yake simu ililia bila kupokelewa, na baadaye ukaja ujumbe: niko piscine, tunaogelea na Kethia. Kethia alikuwa rafiki yake mpya wa shuleni. Polycarpe akaanza kutunga maswali yake mwenyewe, namba kubwa, namba za milango na misumari, akampelekea. Élodie alizifanya zote kwa adabu, akazipiga picha, akazirudisha zikiwa sahihi. Hakuuliza kitu. Baada ya wiki mbili Polycarpe akaacha kuzituma, maana aliona anampa mtoto kazi ya pili.

Kisha Élodie akamwalika. Shule ilikuwa na jioni ya hesabu, watoto wakikaa nyuma ya meza na kuwaeleza wazazi walichojifunza. "Mimi nitafanya ile ya mafungu," alisema. "Unaweza kuja?"

Polycarpe alibadilishana zamu na mtu, akanyoa, akapiga pasi shati la bluu ambalo Généreuse alimnunulia zamani, akatoka Houston saa sita mchana. Njiani alipita Huntsville, akapita Buffalo, akala ndizi akiendesha. Alijisemea maneno atakayomwambia mwalimu kwa Kiingereza. Alitaka kumwambia kwamba mwanzoni yeye pia hakuielewa.

Ukumbi wa shule ulijaa. Élodie alikuwa meza ya pembeni, amevaa gauni la njano, na mbele yake bango aliloandika mwenyewe. Parfait alikuwa amesimama karibu naye akishika mkoba wake wa shule. Généreuse alikuwa bado kazini. Parfait alimwona Polycarpe akaja kumpokea kwa mikono miwili. "Yaya Poly, kaka yangu, karibu. Umefika salama?" Élodie akamkumbatia kiunoni upesi, kisha akarudi mahali pake kwa sababu mzazi mwingine alikuwa anangoja kuelezwa.

Alieleza vizuri mno. Polycarpe alimsikia akisema kwa Kiingereza safi kwamba si lazima ujue yote mara moja, chukua unachokiweza, ukitoe, kisha utazame kilichobaki. Yalikuwa maneno ambayo Polycarpe alimwambia kwa Kiswahili, neno kwa neno, akiwa na kopo la sukari mbele yake. Macho yakamlowa. Akajifanya anasoma bango.

Hapo mwalimu akafika, mwanamke mrefu mwenye sauti ya furaha. Akamshika Parfait bega. Akamwambia, kwa Kiingereza, kwamba amekuwa akitaka kumshukuru; kwamba Élodie alianza mwaka akilia kila akiona kugawanya, na sasa anawafundisha wenzake; na kwamba mwalimu peke yake hawezi kazi hiyo, lazima nyumbani kuna baba anayekaa naye.

Parfait akafungua mdomo. Akamtazama Polycarpe. Polycarpe, ambaye maisha yake yote hakungoja mtu amalize kusema, safari hii akangoja Parfait aanze. Mwalimu akafuata yale macho, akamgeukia kwa tabasamu lile lile na kumuuliza yeye ni nani.

Aliyejibu ni Élodie. Alikuwa ameshika penseli, uso umemwiva, akimtazama mmoja na kumtazama mwingine. Akasema kwa Kiingereza, "Huyu ametoka Houston."

"Oh, mbali kote huko," mwalimu akasema, akampa Polycarpe mkono, akaitwa meza nyingine, akaenda.

Polycarpe akatoka nje, na Parfait akamfuata mpaka kwenye maegesho ya magari. "Yaya Poly, pardon. Nilitaka kumwambia. Nitamrudia sasa hivi nimwambie."

"Acha," Polycarpe akasema. "Mtoto ataona haya."

Élodie akaja akikimbia na viatu vya kung'aa. Alisimama mbele ya mlango wa gari bila kuugusa. "Papa, umekasirika?"

"Hapana, mama. Umeeleza vizuri sana."

"Sikujua niseme nini. Wote mlikuwa pale."

"Najua."

"Unarudi sasa? Hulali?"

Alikuwa amepanga kulala kwa rafiki yake anayekaa mji wa Garland, na kesho yake ampeleke mtoto kula. Lakini alihisi kwamba akibaki hata dakika chache atafanya kitu ambacho mtoto atakikumbuka vibaya. Akasema kiwanda kimemwita. Akamkumbatia, akanusa mafuta ya nazi kichwani mwake, akaingia ndani ya gari na kufunga mkanda. Jua lilikuwa bado juu. Pale Corsicana aliingia kituo cha mafuta, akaegesha nyuma karibu na mashine ya upepo, akalia mpaka mtu mmoja akaja kugonga kioo kumuuliza kama anahitaji msaada. Akamwambia ni macho tu, na yule mtu akaenda.

Jumapili Généreuse alipiga mwenyewe. Alisema amesikia, na kwamba amempigia mwalimu na kumweleza nani alimfundisha mtoto. Alisema Élodie hajalala vizuri. Kisha akasema kuna jambo jingine ambalo hakutaka alisikie kwa watu: yeye na Parfait watafunga ndoa mwezi wa nane, kanisani kwao. Alisema mengi, mengine akiyarudia, na Polycarpe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uko pale?" Généreuse akauliza.

"Niko. Nakusikia."

"Sina lingine."

"Sawa, Mama Élodie. Mungu awasaidie."

Darasa la tano lilipoanza, Élodie alianza na sehemu za namba, nusu na robo. Polycarpe alimuuliza kama anahitaji msaada, naye akasema Tonton amekwisha kumwonyesha, kisha akaongeza haraka kwamba bado kuna zingine ngumu zinakuja. Walipanga kuongea Jumapili mchana. Kuna Jumapili walizoongea na kuna zilizopita.

Mwezi wa kumi kiwanda kilitafuta watu wa zamu ya mchana hadi usiku, ile isiyopendwa na wenye familia. Polycarpe alimfuata Samson ofisini akamwambia amwandike.

Samson akaacha alichokuwa akifanya. "Ile saa yako ya jioni je? Mtoto?"

"Hesabu anazijua sasa," Polycarpe akasema.

Samson akavuta orodha ya zamu. Akamwandika. Polycarpe akavaa glavu na kurudi kwenye milango yake, kwa sababu kengele ya kumaliza mapumziko ilikuwa imekwisha lia.